Inhela Mfukoni: Je, Ni Kukosa Imani?

 

Huku kwetu Njombe, ukifika mwezi wa sita na wa saba baridi haina mchezo. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi pumzi inatoka mdomoni kama moshi, na jioni watu wanaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Ukienda Makambako unakuta upepo, vumbi, moshi wa malori yanayopita kwenda Mbeya na Tunduma, na unga wa mbao kwenye mashine za kupasulia. Kwa mwenye mapafu mazima haya ni maisha ya kawaida tu. Kwa mwenye pumu, kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kumbana kifua.

Ndiyo maana vijana wanaotembea na inhela mfukoni tunao wengi: kwenye kwaya, TYCS, VIWAWA, hata miongoni mwa watumishi wa altare. Na kuna swali linazunguka kati yetu chinichini: kama kweli unamwamini Mungu anayeponya, mbona bado unavuta dawa? Wengine wanaambiwa waziwazi baada ya kuombewa, "Umeshapona, achana na hicho kichupa." Wengine hawaambiwi na mtu. Wanajiambia wenyewe, na kila wakivuta wanajisikia kama wamemkana Bwana.

Swali hili si la mzaha, maana mtu akilijibu vibaya anaweza kufa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa wanaishi na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo, ambako ugonjwa mara nyingi hautambuliwi mapema na dawa haifiki kwa kila anayeihitaji.

Jibu langu ni hili: hapana, kuvuta inhela siyo kukosa imani. Ila jibu haliwezi kuishia hapo, kwa sababu nyuma yake kuna swali la pili ambalo ni gumu zaidi. Inhela unaitumia ili kuishi, au unaitumia ili kuuficha ukweli?

Mtakatifu aliyekuwa na pumu

Tumtazame Mtakatifu Bernadette Soubirous wa Lourdes, Ufaransa. Alizaliwa tarehe 7 Januari 1844. Alipokuwa na miaka 11 aliugua kipindupindu, na pumu ilimwandama maisha yake yote. Wazazi wake walifilisika hadi familia nzima ikahamia kwenye chumba kimoja chenye unyevunyevu, ambacho zamani kilikuwa gereza. Wewe uliyelala kwenye chumba chenye ukungu ukutani wakati wa mvua unajua kifua kinavyokuwa humo.

Tarehe 11 Februari 1858 Bernadette alikwenda kuokota kuni pamoja na mdogo wake na rafiki yao. Mama yake alisita kumruhusu kwa sababu ya kifua chake. Walipofika kwenye mfereji wa maji baridi, wenzake walivuka. Yeye alibaki nyuma, kwa kuogopa maji yale yasije yakamwamshia ugonjwa. Hapo alipobaki kwa sababu ya pumu, ndipo Bikira Maria alipomtokea.

Baada ya hapo ikafunguka chemchemi ambayo mamilioni ya wagonjwa wameiendea. Wapo waliopona kwa namna ambayo madaktari hawakuweza kuieleza. Lakini Bernadette mwenyewe hakupona. Mwaka 1866 aliingia utawani kule Nevers, akafanya kazi katika chumba cha wagonjwa akiwahudumia masista wenzake, huku yeye mwenyewe akibanwa mara kwa mara. Alifariki tarehe 16 Aprili 1879, akiwa na miaka 35. Mwaka 1933 Kanisa likamtangaza kuwa mtakatifu.

Sasa tujiulize. Kama kupona pumu ndiyo kipimo cha imani, tumweke wapi Bernadette? Aliyemwona Mama wa Mungu kwa macho yake alikufa mgonjwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1508, inatufundisha kwamba hata sala za dhati kabisa hazileti uponyaji wa kila ugonjwa. Hii haina maana kwamba Mungu hasikii. Maana yake ni kwamba ugonjwa wako siyo cheti cha kufeli imani.

Kuna jambo lingine la Lourdes la kujifunza. Tangu mwaka 1883 pale pana ofisi ya madaktari inayochunguza watu wanaosema wamepona. Kanisa halitangazi muujiza kwa kelele za shangwe. Linamwita daktari kwanza. Kwa hiyo ukiombewa na ukajisikia umepona, jambo la Kikatoliki la kufanya ni kwenda kupimwa. Kama Mungu amekuponya kweli, vipimo havitamwaibisha.

Juu ya kinara cha hekalu

Wapo watakaosema: "Lakini Yesu alituahidi. Nikiacha dawa namwonesha kwamba namtegemea yeye peke yake." Hoja hii ina sura nzuri. Ila tukumbuke mahali tulipoisikia hoja inayofanana nayo. Jangwani, Shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini kwa kuwa malaika wameagizwa kumlinda. Alimtajia hata Maandiko. Yesu alikataa. Hakukataa kwa kutilia shaka ulinzi wa Baba. Alikataa kwa sababu kujiweka kwenye hatari kwa makusudi ili Mungu alazimike kuokoa siyo kumtumaini Mungu, ni kumjaribu.

Kuacha inhela nyumbani kwa makusudi unapopanda gari kwenda hija, ukijua unabanwa na vumbi na baridi, ni kujitupa kutoka kwenye kinara. Na mara nyingi anayelipa siyo wewe. Ni wenzako watakaokubeba usiku wakitafuta usafiri, na mama yako atakayepigiwa simu.

Tena, nani alisema dawa haitoki kwa Mungu? Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anatufundisha kumheshimu tabibu kwa sababu Bwana ndiye aliyemuumba, na anasema mwenye busara hadharau dawa zitokazo ardhini. Na angalia mpangilio wake: mgonjwa asali, atubu, kisha ampe tabibu nafasi yake. Hachagui kimoja na kuacha kingine.

Tulishuhudia hilo mwaka 2025. Papa Fransisko, ambaye tangu ujana wake alikuwa ameondolewa sehemu ya pafu, alilazwa hospitali ya Gemelli mjini Roma tarehe 14 Februari. Tarehe 22 Vatikano ikatangaza kwamba alipata shida kubwa ya kupumua iliyofanana na pumu, akawekewa oksijeni. Siku mbili baadaye waamini wakaanza kukusanyika usiku kusali Rozari katika Uwanja wa Mtakatifu Petro. Oksijeni puani, Rozari uwanjani. Hakuna aliyeona kwamba kimoja kinakitukana kingine.

Hata inhela yenyewe ina historia ya kufurahisha. Mwaka 1955 binti wa miaka 13 nchini Marekani, aliyekuwa na pumu, alimuuliza baba yake kwa nini dawa yake isiwekwe kwenye kopo la kupuliza kama marashi ya nywele. Baba yake alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa. Mwaka uliofuata inhela za kwanza za namna hii ziliingia sokoni. Swali la mtoto likawa pumzi ya watu wengi. Mimi naona mkono wa Mungu hapo pia.

Nafuu siyo tiba

Tuje sasa kwenye lile swali la pili.

Inhela ambayo wengi wetu tunaijua, mara nyingi ya rangi ya bluu, ina dawa inayoitwa salbutamoli. Mtu anapobanwa, misuli inayozunguka mirija ya hewa inakaza na njia ya pumzi inakuwa nyembamba. Salbutamoli inailegeza misuli hiyo ndani ya dakika chache, na nafuu inakaa kama saa nne hadi sita. Ni zawadi kubwa. Lakini ndani ya mirija ile kuna uvimbe, na huo uvimbe ndio pumu yenyewe. Salbutamoli haiugusi. Uvimbe huo ni ugonjwa wa kila siku unaohitaji dawa nyingine, ya steroidi ya kuvuta, ambayo haikupi nafuu papo hapo lakini ukiitumia kwa uaminifu inapunguza kubanwa kwenyewe. Zipo pia inhela zenye dawa zote mbili kwa pamoja. Ipi inakufaa, daktari ndiye atakayekuambia.

Hapa ndipo vijana wengi tunajidanganya. Unavuta ya bluu, kifua kinafunguka, unasema, "Niko fiti." Kesho tena, keshokutwa tena. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaojulikana kama GINA, haushauri tena mtu wa miaka 12 na kuendelea kutibiwa kwa salbutamoli peke yake. Kichupa kimoja huwa na mipulizo 200. Anayemaliza vichupa vitatu au zaidi kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya. Anayefikia kimoja kila mwezi, hatari yake ya kufa imeongezeka.

Kwa hiyo inhela ya nafuu ni mtumishi mwema, na pia ni shahidi. Kila ukiivuta inakuambia hali yako. Ukianza kuihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, au ukiamka usiku kuitafuta, shahidi anasema: pumu yako haijatulia, nenda kituo cha afya. (Kama daktari amekuelekeza kuvuta kabla ya mazoezi, hiyo ni habari nyingine.) Ukimnyamazisha shahidi, ugonjwa hauondoki. Wewe tu ndiye unayebaki gizani.

Sisi Wakatoliki jambo hili tunalifahamu kwa njia nyingine. Mtu anaweza kwenda Kitubio kila mwezi kwa dhambi ileile, akatoka mwepesi, akarudi jioni hiyohiyo kwenye nafasi ileile ya dhambi. Ule wepesi ni wa kweli, na maondoleo ni ya kweli. Lakini kama kila mara anatafuta wepesi tu na hataki kugusa mzizi, kuna kitu anakikimbia. Nafuu ni neema ya kukupa nguvu ya kwenda kutafuta tiba. Haikutolewa ili uikimbie tiba.

Mfikirie kijana anayefanya kazi kwenye mashine ya mbao Makambako. Kila asubuhi anavuta mara mbili kabla ya kuingia, mchana anarudia akiwa amejificha nyuma ya magogo. Haendi kupimwa, kwa sababu anajua ataambiwa vumbi lile linamuua, na kazi ndiyo inayolisha wadogo zake. Je, tumhukumu? Hapana. Umaskini siyo dhambi, na kupenda familia siyo dhambi. Ila namwambia kwa upendo: kaka, wadogo zako wanahitaji mshahara wako, lakini kabla ya mshahara wanakuhitaji wewe. Katekisimu namba 2288 inasema uhai na afya ni zawadi ambazo Mungu ametukabidhi, na tunapaswa kuzitunza kwa kiasi kinachofaa. Tena inakumbusha kwamba jamii ina wajibu wa kusaidia. Mzigo huo si wa kijana huyo peke yake. Mwenye mashine ana wajibu wa kutafuta barakoa na kupunguza vumbi. Jumuiya ina wajibu wa kuuliza, "Kichupa kinachofuata utakipataje?" Sadaka ya wagonjwa siyo lazima isubiri mtu alazwe.

Namna ya kuitumia

Kuitumia dawa vibaya ni kuipoteza, kwa hiyo tujifunze pamoja. Njia hii ni kwa inhela ya kawaida ya kubonyeza. Kama yako ni ya aina nyingine, muulize mfamasia.

Toa kifuniko, angalia mdomo wa inhela usiwe na uchafu, kisha itikise vizuri. Kama ni mpya au haijatumika siku nyingi, puliza kwanza hewani. Kaa au simama wima. Toa pumzi yote taratibu. Weka mdomo wa inhela katikati ya meno, funga midomo vizuri. Anza kuvuta hewa polepole kwa kina, na hapohapo bonyeza mara moja, ukiendelea kuvuta. Zuia pumzi kama sekunde kumi, kisha itoe taratibu. Ukihitaji mpulizo wa pili, subiri nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, rudia. Kubonyeza mara mbili kwa mpigo ni kupoteza dawa.

Wengi hawawezi kulinganisha kubonyeza na kuvuta, na dawa inaishia kooni. Kwa hao kuna spesa, kile chombo kinachowekwa kati ya inhela na mdomo. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walichapisha matokeo ya utafiti kwa watoto: chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa tundu kitakoni linalolingana na mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni, ilifanya kazi vizuri sawa na spesa ya dukani. Chupa ya maji tu! Mwombe muuguzi akuoneshe namna ya kuitengeneza.

Kwa baridi yetu hii, kumbuka kwamba kichupa kikiwa cha baridi sana dawa haitoki sawasawa. Kipashe joto kwa kiganja au kitembee nacho mfuko wa ndani. Usikipashe jikoni wala kukiacha juani, kinaweza kupasuka. Mikono kutetemeka kidogo au moyo kwenda mbio baada ya kuvuta hutokea, na kwa kawaida hupita. Na uhesabu mipulizo yako, usije ukajikuta na kichupa kitupu saa nane usiku.

Ukibanwa sana: kaa wima, usilale. Vuta mpulizo mmoja, subiri nusu dakika hadi dakika moja, vuta tena, hadi kumi kama bado hujapata nafuu. Lakini usafiri utafutwe mapema, hasa ukiwa kijijini. Kama mtu hawezi kumaliza sentensi, midomo inageuka rangi, anachoka au anasinzia, au nafuu haifikishi saa nne, huyo apelekwe hospitali mara moja. Salini njiani. Msisali badala ya kuondoka.

Tusimwache mwenzetu ajifiche

Nimalizie na wale ambao hatuna pumu. Kijana anajificha kuvuta dawa kwa sababu ya macho yetu. Tunamcheka, "huyu naye na filimbi yake ya kifuani," au tunamtazama kama mwenye imani ndogo. Hiyo aibu tunayomtwika inaweza kumfanya achelewe dakika ambazo angezihitaji.

Mambo ya kufanya ni madogo. Mwenzako akikohoa kwa moshi wa ubani, mtumishi wa altare apewe kazi nyingine bila maneno. Mwalimu wa kwaya ajue nani ana pumu na inhela yake inakaa wapi. Jiko la mkaa lisiwekwe ndani ya chumba cha mkesha kilichofungwa, maana hilo linawadhuru hata wazima. Na anayeombea wagonjwa aombe kwa moyo wote, lakini asimwambie mtu aache dawa. Hilo neno si lake kulisema.

Mungu alimpulizia mwanadamu wa kwanza pumzi ya uhai. Yesu mfufuka aliwavuvia mitume Roho Mtakatifu. Pumzi imetoka kwa Mungu, na sisi tumekabidhiwa kuitunza. Wewe unayevuta inhela yako kwa unyoofu, unayehesabu mipulizo na kumweleza daktari ukweli, hujamkana Bwana. Umeitunza zawadi yake.

Tusali: Ee Bwana, uliyetupa pumzi, utujalie kuitunza kwa shukrani. Uwape nafuu wanaobanwa usiku huu, uwape ujasiri wa kutafuta tiba, na uwabariki mikono yao wote wanaowahudumia. Utuondolee kiburi cha kukujaribu, na aibu ya kujificha. Mtakatifu Bernadette, utuombee. Amina.